Mwanzo Uko Tumboni

Kompyuta ya kituo chetu ililetwa Bagamoyo juu ya lori la kubebea mchanga, imefunikwa maturubai mawili, na ilichukua siku mbili kutoka Dar es Salaam kwa sababu barabara ya Mapinga ilikuwa matope matupu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa masika. Tuliishusha watu sita kwa kamba na mbao, tukaiingiza katika chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya kupimia mvua. Ukubwa wake ulikuwa kama kabati la nguo. Pamoja nayo ilikuja teleprinta, yaani taipureta nzito inayotoboa vitundu kwenye mkanda wa karatasi na kuvisoma tena, na teleprinta hiyo ndiyo iliyonipatia kazi.

Nilikuwa nimekaa miaka kumi na minne katika chumba cha simu za maandishi posta, na mkanda wenye vitundu niliujua kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyoijua alifu. Shule niliishia darasa la nane. Mengine niliyasoma mwenyewe, kamusi mkono mmoja na daftari mkono wa pili, na sikupita ukurasa kabla sijauelewa ule uliotangulia. Mkuu wa kituo alipouliza ni nani hapa mjini anayefahamu mikanda, nilitajwa mimi.

Kazi ya kituo ilikuwa kupima mvua na vina vya mito. Vipimo vya miaka mingi vilikuwa vimejaa kwenye makabati, na kompyuta ililetwa ivijumlishe. Lakini mashine haielewi maneno ya watu. Ukishaandika hesabu yako kwa ile lugha iliyobuniwa kwa kazi hiyo, lazima ndani ya mashine iwepo programu nyingine ya kuigeuza hesabu iwe namba tupu ambazo mashine inaweza kuzifuata. Vitabu viliiita kompaila. Mimi niliiita mfasiri. Wenzangu walitaka tuiite mkalimani, nikakataa, kwa sababu mkalimani hugeuza maneno papo hapo, msemaji akiwa bado anasema, bali mfasiri huyasoma maandishi yote kwanza, kisha akatoa maandishi mengine. Mashine yetu ilifanya hivyo.

Taabu ilikuwa kumwingiza mfasiri ndani. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo mno, hata kila programu iliyoingia iliifuta iliyokuwamo. Kwa hiyo kila tulipotaka kutengeneza hesabu mpya, mfasiri alipaswa kupakiwa upya, tangu mwanzo. Kwanza unapandisha na kushusha swichi za mbele ya mashine, mipangilio kumi na sita mmoja baada ya mwingine, ili mashine ijue tu namna ya kusoma mkanda. Kisha unaisomesha mikanda, na mikanda ilikuwa saba. Katikati ya safari teleprinta inatoboa mkanda mwingine mpya, ambao unauviringisha, unauviringisha tena kinyume ili mwanzo wake uje nje, halafu unaurudisha usomwe. Ukikosea swichi moja, au ukiweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu, mashine haikuambii neno. Inanyamaza tu, nawe unaanza upya.

Pale kituoni walisema mashine "inapandisha," kama anavyosemwa mtu mwenye pepo. Wakipita dirishani huuliza, "Imeshapandisha?" Nami hujibu, "Bado." Kuanzia chai ya asubuhi mpaka karibu na adhana ya adhuhuri nilikuwa nikijibu bado.

Mtaalamu mgeni aliyeifunga alikaa nasi miezi mitatu. Alipoondoka aliacha kitabu cha kurasa thelathini na moja, Kiingereza kitupu, alichokiandika mwenyewe. Nilikinakili chote kwenye daftari langu. Baada ya hapo mjini kote nilikuwa mtu pekee awezaye kumpandisha mfasiri, na sitaficha kwamba jambo hilo lilinipendeza. Nilitembea na ufunguo wa chumba kile mfukoni hata siku za Ijumaa.

Kisha mkuu wa kituo akaniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa bara, mpole, hazungumzi kabla hajapanga karatasi zake.

"Ndugu," akasema, "wiki mbili zilizopita ulipokuwa na homa, mashine ilifanya nini?"

"Haikufanya kitu."

"Makao makuu wamelisikia hilo. Wanasema kituo chenye mashine na mtu mmoja hakina mashine, kina mtu. Wanataka irudi Dar es Salaam." Akanisogezea barua. "Nimewaomba wiki tano. Mkaguzi atakuja. Wafanyakazi wawili wa hapa, ambao hawajawahi kuigusa, watampandisha mfasiri mbele yake wakiwa peke yao, wewe ukiwa nje ya chumba. Wakiweza, mashine inabaki. Wasipoweza, lori linakuja."

Nikauliza, "Na mimi?"

"Posta wana nafasi kaunta," akasema, akiangalia karatasi zake. "Ya stempu."

Wafanyakazi waliopatikana walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa mpiga chapa wetu, mwanamke wa mjini humu humu, wa nyumba za kale karibu na soko la samaki, mwenye umri kama wa thelathini na tano. Alipiga chapa upesi kuliko mtu yeyote niliyemjua, na wakati wa mapumziko alisuka ukili wa mikeka barazani. Wa pili alikuwa dereva wetu wa zamani, mtu wa Mkange, aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Macho yake yalikuwa yamemwondoa kwenye usukani, wakamweka ofisini kuandika vipimo vya mito.

Asubuhi ya kwanza nilimwamkia dereva, "Shikamoo."

"Marahaba, bwana mdogo. Haya, ngoma yako inaanzia wapi?"

"Si ngoma."

"Nimeambiwa inapandisha."

Mpiga chapa aliihesabu mikanda mezani. "Kwetu pepo hupanda kwa ngoma moja, fundi. Wako anadai saba?"

Neno fundi alilitumia kwa makusudi. Pwani kwetu anayemtuliza mwenye pepo naye huitwa fundi. Dereva alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Niliwapa kitabu cha mtaalamu na daftari langu lenye tafsiri, nikawaeleza kila hatua tangu saa mbili mpaka saa sita, nikiwa na hakika kwamba nimefundisha vizuri.

Kwa wiki nzima hawakuweza hata mara moja. Dereva alipotea katika swichi, mpangilio wa sita au wa saba, akasahau alipofika. Mpiga chapa alifika mbali zaidi, lakini mikanda ilimshinda. Wiki ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikisema, "Si hiyo," "Rudi," "Nimeshasema jana." Siku moja dereva akaziacha swichi, akageuka.

"Bwana mdogo, unajua nilifundisha madereva wangapi?"

"Sijui."

"Nami sijui. Lakini sikumshika mkono hata mmoja anapobadilisha gia. Ukimshika mkono, mkono wake haujifunzi, unajifunza wa kwako."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimekasirika. Kesho yake nilichukua kiti, nikakiweka pembeni, nikajiwekea sharti: sitasema neno. Kila watakapokosea nitaandika mahali, na nitaandika walichokuwa wakikisoma wakati huo. Kukaa kimya kulinipa taabu kuliko kazi yoyote niliyopata kuifanya. Mara mbili niliiuma kalamu mpaka ikapasuka.

Siku ya nne ya kuandika niliyasoma yote. Nilikuwa nimetazamia kuona orodha ya uzembe wao. Niliyoyaona yalikuwa mengine. Mahali walipokosea palikuwa ni palepale, kila siku, wote wawili. Na kila mahali nilipofungua kitabu kutazama kinasema nini, nilikuta hakisemi. Kiliandika "weka mkanda kama kawaida," wakati anayeanza hana kawaida. Kiliandika "mashine ikiwa tayari," bila kusema tayari inafananaje. Mimi nilikuwa nimeyajaza mapengo hayo kwa miaka kumi na minne ya posta, nikadhani nimeyasoma kitabuni.

Tangu hapo niliacha kuwafundisha watu, nikaanza kurekebisha kazi yenyewe.

Swichi zilirekebishwa na dereva. "Mimi sikumbuki namba," alisema. "Nakumbuka mkono ulikuwa wapi." Nilitafakari neno hilo siku nzima. Kisha nilichukua maboksi ya viatu, nikakata vipande kumi na sita vya kadibodi vya upana wa ile safu ya swichi, na katika kila kimoja nikatoboa tundu mahali pa swichi zinazopaswa kupanda, basi. Nikavishona pamoja upande mmoja kama kitabu. Unakiweka juu ya swichi, unapandisha kila inayoonekana, unabonyeza, unazishusha zote, unafunua ukurasa. Dereva alivipitia vyote kumi na sita bila kosa, akavirudia, akavirudia tena huku anatazama dirishani kwa maringo.

"Hii sasa gia," akasema.

Karatasi ya maelezo nayo niliiandika upya kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilijivunia usanifu wake. Mpiga chapa alipoipiga chapa alisimama kila mstari.

"'Hakikisha utayari wa chombo kabla ya uanzishaji,'" akasoma. "Fundi, hii nani atasema? Hii lugha ya redioni."

"Wewe ungesemaje?"

"Taa ya kushoto ikizima, endelea."

Ndivyo ilivyoandikwa. Kati ya mistari yangu ishirini na miwili alibakiza mmoja, ule unaosema usinywe soda karibu na mashine.

Lakini mikanda ilibaki, na wiki zilikuwa zimebaki mbili. Katika daftari langu kosa moja la mpiga chapa lilijirudia kuliko yote: kila alipochukua msokoto wa mkanda, aliutafuta mwanzo wake ndani, katikati, akauvuta kutoka huko. Mikanda ile saba iliyotoka kiwandani ilikuwa imeviringishwa mwanzo ukiwa nje. Kwa hiyo aliisomesha mkia kwanza, na mashine ikanyamaza. Nilikuwa nimemsahihisha mara nyingi kabla ya sharti langu la kukaa kimya. Alikubali, akaanza vizuri, kisha vidole vikarudi ndani.

Safari hii sikumsahihisha. Nilimuuliza, "Kwa nini unatafuta mwanzo ndani?"

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji ni maji. "Uko wapi kwingine?"

"Nje."

"Nje ndiko unakomalizia." Akaenda barazani, akarudi na ukili wake, ule utepe mrefu wa ukindu ambao wanawake wa kwetu huusuka kwanza, kisha wakaushona uwe mkeka. Ulikuwa umeviringishwa mkubwa kama sahani. "Tazama. Nasuka, naviringisha, nasuka, naviringisha. Nilipoanzia pakawa hapa katikati, nikapazungushia. Nilipofika leo ndipo hapa nje. Mwanzo uko tumboni, fundi. Mtoto wa miaka sita anajua."

"Ukili ndivyo ulivyo," nikasema. "Mkanda si ukili."

"Ule unaotobolewa na teleprinta si unatoka unakua kama ukili?"

Alikuwa amesema kweli. Mkanda mpya unapotoka kwenye teleprinta, ukiuviringisha kadiri unavyotoka, mwanzo wake unabaki katikati. Ndiyo sababu kitabu kilitaka uviringishwe tena kinyume, mwanzo uje nje, kama ile ya kiwandani. Kazi hiyo ya kugeuza ilitumia dakika nyingi, ilikunja karatasi, na siku za unyevunyevu ilipasua mkanda. Nami nilikuwa nimeifanya mwaka mzima bila kuuliza. Nilikuwa nikiugeuza mkanda mpya ufanane na ya zamani. Halikunijia hata mara moja wazo kwamba ile ya zamani ndiyo ingeweza kugeuzwa, mara moja tu, ifanane na mpya.

"Rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Mwanzo uko wapi?"

"Tumboni," akasema, sasa kwa tahadhari, kama anayezungumza na mgonjwa.

Tuliifanya kazi hiyo kwa siku tatu. Niliinakili mikanda yote kwa teleprinta yetu wenyewe, naye akaiviringisha kadiri ilivyotoka, kwa vidole vya ukili, ikatoka misokoto migumu na sawasawa ambayo mimi nisingeweza. Ile iliyofuatana bila kitu kati yake niliinakili pamoja ikawa mmoja, hata saba ikawa minne. Kila msokoto aliufunga kwa ukindu uliotiwa rangi: njano, kijani, nyekundu na zambarau. Karatasi haikutaja tena majina ya mikanda, ilisema rangi. Yote minne tuliiweka katika debe la biskuti, na chini tukatandaza punje za mchele mkavu, kama watu wanavyofanya kwenye chumvi, ili unyevu wa bahari usiifikie.

Likabaki tatizo moja. Mkanda unaovutwa kutoka katikati hujisokota, na ukijisokota hukwama. Mpiga chapa aliuweka kwenye sinia, lakini sinia halikuzunguka. Dereva alilitazama, akatoka bila kuaga, akarudi baada ya sala ya alasiri na beringi ya gurudumu la lori, imesafishwa kwa mafuta ya taa mpaka inang'aa. Akaipachika kwenye ubao, akaweka sinia juu yake, akaligusa kwa kidole. Sinia lilizunguka bila sauti, likaendelea kuzunguka muda mrefu.

"Lori lililotaka kuichukua mashine," akasema, "halina gurudumu."

"Umelitoa kwenye lori la kituo?"

"Nimetoa mfano tu, bwana mdogo."

Mkaguzi alifika asubuhi ya Jumanne, mtu mrefu aliyevaa suti ya mikono mifupi, mkoba ameubana kwapani. Hakungoja chai. Aliingia chumbani, akazima mashine kwa mkono wake, akapandisha na kushusha swichi ovyo ili asibaki na shaka kwamba kitu kimeachwa tayari ndani. Kisha akanielekeza mlango.

Nilikaa nje kwenye ngazi, karibu na kipimo cha mvua, mgongo kwenye dirisha la vioo vya kulaza, vikiwa wazi. Nilikuwa nimeahidi nisitazame. Lakini mtu aliyekaa miaka kumi na minne chumba cha simu za maandishi hahitaji kutazama. Kwanza niliusikia ukimya wa swichi, zisizolia zikipandishwa, na kidogo kidogo mlio wa kadibodi ikifunuliwa. Nikahesabu kumi na sita. Kisha teleprinta ikaanza. Njano ni mfupi, hata dakika mbili haufiki. Kijani ni mrefu. Nilisikia kijani ukimalizika, kisha sauti mbili kwa pamoja, ya kusoma na ya kutoboa, kama mvua ya kwenye mabati juu ya mvua nyingine. Maana yake mfasiri ameshaingia na anafanya kazi. Mkanda mpya ukarudi kusomwa papo hapo, bila kimya cha kugeuzwa. Nyekundu ukaingia mara moja. Kisha zambarau. Nikatazama saa yangu. Hata nusu ya asubuhi ilikuwa haijaisha. Kengele ya teleprinta ikalia mara moja, na baada yake mpigo wa kupiga chapa, mstari baada ya mstari: jumla ya mvua.

Nilisimama. Nilikuwa nimeshanyosha mkono kwenye kitasa nilipousikia ukimya wa swichi tena.

Kadibodi moja. Nyingine. Nikahesabu kumi na sita, polepole sana. Kisha njano. Wanaanza upya, nikajisemea. Kuna kosa katika jumla, au mkaguzi hakuridhika. Njano ukanyamaza katikati. Kimya kirefu. Ukaanza upya. Mkono ule haukuwa wa dereva wala wa mpiga chapa, kwa maana yao niliifahamu kama sauti zao. Huu ulikuwa mkono mzito, unaosita. Au ni mpiga chapa, nikajiuliza, hofu imembadilisha mkono? Nilipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, nikakumbuka ahadi, nikarudi kukaa, nikaishika mikono yangu baina ya magoti. Nilikuwa nikiiona kaunta ya stempu, na sponji lake dogo la maji.

Kijani. Sauti mbili za pamoja. Nyekundu. Kimya. Zambarau. Kengele.

Halafu nikasikia kicheko, na kicheko cha dereva nilikijua.

Mlango ulifunguliwa na mkaguzi mwenyewe. Suti yake ilikuwa na vumbi la karatasi kifuani, na mkononi alishika jumla ya mvua iliyopigwa chapa.

"Nimeifanya mimi," akasema.

Hayo yaliyotokea ndani nilisimuliwa baadaye, na niliwauliza wote wawili kila mmoja peke yake ili nipate maelezo sahihi. Walipomaliza mara ya kwanza, mkaguzi alisema kwamba wawili wamefanya mazoezi wiki tano, hilo si ajabu. Je, mwingine akija kesho, asiyejua kitu?

"Atapewa karatasi," mpiga chapa akajibu.

"Mtu yeyote?"

"Yeyote, ndugu mkaguzi."

"Hata mimi?"

Dereva ndiye aliyejibu. "Unajua kusoma, ndugu?"

Basi wakampa karatasi na lile debe la biskuti, wakakaa kwenye kiti changu cha pembeni, wawili kwenye kiti kimoja, na hawakusema neno. Walikuwa wamenitazama mimi nikikaa vile. Mara moja tu mpiga chapa alivunja sharti. Mkaguzi, aliyewahi kuona mashine kama ile Dar es Salaam, aliushika msokoto wa njano akavuta kutoka nje, na mkanda ukaacha kusomwa. Mpiga chapa akamwambia, "Mstari wa tatu, ndugu." Mkaguzi akasoma mstari wa tatu. Unasema: mwanzo uko tumboni. Akarudi akavuta kutoka katikati, sinia likazunguka.

Barua ilifika kabla mwezi haujaisha. Mashine ilibaki Bagamoyo. Tuliagizwa pia tutengeneze madebe mengine kama lile, kwa vituo viwili vilivyokuwa na mashine ya aina hiyo, na karatasi zake. Mpiga chapa alisuka misokoto yote, kama alivyosema mwenyewe, na dereva akatafuta beringi, nami sikuuliza anazitoa wapi.

Mwaka uliofuata homa ilinirudia, nikalala siku nne. Siku ya tano nilitembea kwenda kituoni nikiwa bado dhaifu, ufunguo mfukoni, nikiipanga kichwani kazi iliyolala. Chumba kilikuwa wazi, ufunguo wa mkuu wa kituo ukining'inia kwenye kitasa. Jumla za mto Wami za mwaka mzima zilikuwa zimebanwa ukutani. Dereva alikuwa anakunywa kahawa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa. Siku nne."

"Ala," akasema. "Pole sana. Hatukujua."

Nilisimama mlangoni nikalipokea neno lile, na nilifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kufurahi wakati nilipokuwa peke yangu na ufunguo. Kisha, ili nionekane nina kazi, nilichukua msokoto wa kijani kutoka kwenye debe, nikauweka kwenye sinia, nikashika ncha na kuvuta. Mkanda haukuenda. Miaka kumi na minne ya posta ilikuwa imenishika vidole. Nilikuwa navuta kutoka nje.

Mpiga chapa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye ukili wake.

"Fundi," akasema, "soma karatasi."